Dashibodi Imezima? Usinunue Nyingine Kwanza

Kila bumu likitoka, wiki mbili tatu baadaye maegesho ya hosteli hujaa pikipiki ngeni. Nyingi si mpya. Ni Boxer iliyokwisha kupiga boda miaka kadhaa, ni TVS ya mjomba wa mtu, au ni hizi za Kichina ambazo jina limeshafutika kwenye tanki. Injini inakuwa nzima, tairi zina meno, kadi ipo. Kitu ambacho mara nyingi hakiko sawa ni dashibodi. Taa ya nyutro haiwaki, indiketa inawaka bila kupepesa, mshale wa mafuta umelala kama mgonjwa, au dashibodi nzima iko giza. Muuzaji anakwambia, "Hiyo ni globu tu mdogo wangu, unaweka ya elfu moja." Ukifika kwa fundi unaambiwa dashibodi imekufa, nunua nyingine.

Wote wawili wanakisia, na anayelipia makisio ni wewe. Dashibodi ya pikipiki ndogo haina mambo mengi ndani: globu chache, mshale mmoja au miwili, vipande vya waya na soketi. Ichukulie kama ubao wa matangazo. Matokeo yasipobandikwa huendi kuuvunja ubao. Unauliza yamekwama wapi, idarani, kwa karani, au ni pini tu imeanguka. Umeme wa dashibodi nao una safari: unatoka betri, unapita fyuzi, unapita swichi ya funguo, unapanda hadi kwenye globu, kisha unarudi betri kupitia ethi. Kukatika popote kwenye mzunguko huo kunaonekana pale pale juu, mbele ya macho yako, ndiyo maana dashibodi inabebeshwa lawama zisizo zake. Makala hii inaeleza jinsi ya kuifuata safari hiyo kabla hujatoa hela ya spea.

Kwanza tuondoe visivyo umeme kabisa. Kwenye pikipiki nyingi za mshale, mita ya spidi haitumii hata tone la umeme. Kuna kebo inayotoka kwenye habu ya gurudumu la mbele, ndani yake mna waya mnene unaozunguka pamoja na gurudumu. Kule juu waya huo unazungusha sumaku ndani ya kikombe cha alumini. Sumaku haikigusi kikombe. Inakivuta tu kwa mikondo inayozaliwa ndani ya metali, na springi nyembamba inakizuia, kwa hiyo mshale unasimama pale nguvu mbili zinapolingana. Teknolojia hii ni ya zaidi ya miaka 100. Mjerumani Otto Schulze aliipatia hataza mwaka 1902, na bado ndiyo hiyo hiyo iko kwenye boda iliyokuleta chuo. Kwa hiyo mshale wa spidi ukilala, usimruhusu mtu afungue waya hata mmoja. Fungua kebo upande wa dashibodi, nyanyua gurudumu la mbele, lizungushe kwa mkono uangalie ncha ya kebo. Isipozunguka, kebo imekatika au meno ya kwenye habu yameliwa. Ikizunguka, hapo ndipo mita yenyewe ina kesi ya kujibu.

Kitu kingine kisicho ubovu: kwenye baadhi ya pikipiki ndogo, taa kubwa na zile taa za kuimulika dashibodi usiku hazitumii betri. Zinapata umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili za sumaku za injini. Ukiwasha swichi injini ikiwa imezima, haziwaki. Injini ikiwa sailensa zinafifia, ukivuta mafuta zinang'aa. Jamaa wengi wamebadilishiwa betri nzima kabisa kwa sababu ya jambo hili. Uliza kwanza kwa mwenye pikipiki ya aina hiyo hiyo kama yake nayo inafanya hivyo.

Vifaa vya kazi ni vichache. Multimita ndogo, zile za njano au nyeusi zinazouzwa Kariakoo na kwenye kila duka la vifaa vya umeme, inatosha. Bei yake haimtishi mtu anayekula chipsi kuku wikiendi. Ongeza taa ya kupimia, yaani globu ya indiketa ya volti 12 uliyoiunga waya mbili ndefu, bisibisi, kipande cha msasa laini na teipu ya umeme. Multimita na taa ya kupimia hazifanyi kazi moja, ingawa watu hudhani ni vitu viwili vya kazi ile ile. Nitarudi hapo, maana ndipo penye ufunguo wa kesi nyingi.

Dashibodi nzima ikizima, kabla ya kugusa kitu tumia pikipiki yenyewe ikupimie. Washa swichi, bonyeza honi, kanyaga breki uangalie taa ya nyuma. Honi ikilia kwa sauti yake ya kawaida, maana yake betri ina nguvu, fyuzi ni nzima na swichi ya funguo inapitisha. Nyingi ya pikipiki hizi zina fyuzi moja tu kuu, kwa hiyo kwa sekunde tatu umeshawaondolea hatia washukiwa watatu bila kufungua skrubu. Tatizo liko mbele zaidi, kati ya swichi na dashibodi, au kwenye ethi yake. Honi ikikohoa tu, au ikinyamaza kabisa, rudi kwenye betri.

Na hapa kuna imani moja ya kijiweni ambayo inapoteza watu: "Betri nzima, si inawaka kwa kiki!" Hapana. Pikipiki nyingi ndogo, hasa za Kichina zilizotokana na muundo wa Honda CG125, zina koili maalumu inayolisha cheche za plagi moja kwa moja. Injini inaweza kuwaka na kukufikisha mjini bila betri yoyote. Kuwaka kwa injini hakuthibitishi lolote kuhusu betri. Pima. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.0 au chini ya hapo imekwisha chaji, na ikishuka hadi 9 au 8 pale unapobonyeza honi, hiyo ya kupeleka kwa mwenye chuma chakavu.

Fyuzi nayo itoe uiangalie kwa macho. Kwenye pikipiki iliyopita mikono mingi usishangae kukuta karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, au uzi wa waya wa shaba uliosokotwa. Aliyefanya hivyo alikuwa anakimbizana na fyuzi iliyokuwa inakatika kila siku, na badala ya kutafuta shoti akamnyamazisha mlinzi. Kitakachokatika sasa si fyuzi. Ni waya ulio chini ya tanki la petroli. Rudisha fyuzi ya ampea zilizoandikwa kwenye kasha lake, na kama itakatika tena shukuru, maana imekwambia kuna waya mahali umechubuka na unagusa fremu.

Sasa nirudi kwenye kutu, maana ndiyo mchawi wa dashibodi nyingi. Sekondari tulichorewa sheria ya Ohm kwa betri moja, kimraba kimoja cha ukinzani na mistari iliyonyooka. Ile mistari ilikuwa haina ukinzani wowote. Kwenye pikipiki iliyonyeshewa mvua za masika matano na kuoshwa kwa mashine ya presha kila Jumamosi, mistari ina ukinzani. Chukua globu ya nyutro ya volti 12, wati 3. Mkondo wake ni 3 kugawa kwa 12, yaani robo ampea, na ukinzani wake ikiwa inawaka ni omu 48. Weka kutu ya kijani kwenye soketi, tuseme omu 24. Jumla ni omu 72. Mkondo unashuka hadi ampea 0.17 hivi na zile volti 12 zinagawanywa: globu inapata 8, kutu inakula 4. Nguvu ya globu inabaki wati 1.3, chini ya nusu. (Ukinzani wa globu hupungua inapopoa, kwa hiyo namba halisi zitacheza kidogo, ila picha ni hiyo.) Mchana, juani, utasema haiwaki kabisa.

Fundi anachomoa globu, anaweka multimita kwenye kishikio chake, inasoma 12. Anasema, "Umeme upo, dashibodi ndiyo mbovu." Hajakudanganya, mita imesoma 12 kweli. Lakini multimita hizi ndogo zina ukinzani wa ndani wa karibu omu milioni 1. Mbele ya milioni nzima, omu 24 za kutu hazionekani. Mkondo unaopita ni mdogo mno, kwa hiyo hakuna volti inayopotea njiani, na waya uliobakiwa na uzi mmoja tu wa shaba utasoma sawa na waya mpya. Ndiyo sababu ya kuwa na taa ya kupimia. Yenyewe inavuta mkondo wa kweli, karibu ampea 0.8 kwa globu ya wati 10, na njia mbovu haiwezi kuibeba. Multimita ikisema 12 na taa ya kupimia ikafifia mahali pale pale, hiyo dashibodi usiiguse. Ubovu uko nyuma yake.

Kuna kipimo kizuri zaidi ambacho sijaona mafundi wengi wa kijiweni wakikitumia. Acha kila kitu kikiwa kimeungwa, swichi imewashwa, globu iko kwenye kishikio hata kama imefifia. Weka ncha nyekundu ya multimita kwenye chanya ya betri na nyeusi kwenye waya wa chanya unaoingia dashibodi. Hapo hupimi umeme uliofika, unapima uliopotea njiani. Ikisoma 0.2 au 0.3 njia ni safi. Ikisoma 3 au 4, kati ya betri na hapo kuna mwizi, na unamfuata kwa kusogeza ncha nyeusi soketi moja hadi nyingine mpaka namba ishuke ghafla. Kisha fanya hivyo upande wa pili: nyeusi kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye waya wa ethi wa dashibodi. Upande huu ndio wengi wanausahau, na kwa niliyoyaona ndio wenye makosa zaidi.

Ethi ikikatika, dashibodi haizimi kwa adabu. Inafanya vituko. Unawasha indiketa ya kushoto, taa za kumulika mita nazo zinapepesa. Watu wanasema wayaringi yote imechanganyikana. Kumbe mkondo umekuta mlango wake umefungwa, ukatafuta dirisha: umeingia kwenye globu moja, ukarudi nyuma kupitia globu nyingine hadi kwenye ethi ya mbali. Ukiona taa mbili zisizo na undugu zinawaka pamoja, tafuta ethi kabla ya kitu chochote. Kwenye pikipiki zinazofuata rangi za Honda, pamoja na za Kichina nyingi, ethi ni waya wa kijani na chanya kutoka swichi ni mweusi. Kwenye Boxer ethi ni mweusi wenye mstari wa njano. Hapo ndipo mtu hukosea akafunga waya mweusi wa Kichina kwenye fremu akidhani ni ethi, na fyuzi inaondoka. Usiamini rangi peke yake. Pikipiki ya mkono wa tatu inaweza kuwa na waya za rangi yoyote iliyokuwepo dukani siku hiyo.

Mfano mmoja wa hapa hapa chuoni. Jamaa wa mwaka wa tatu, anayepiga boda jioni kujazia ada, alikuwa na Boxer ambayo dashibodi ilizima kila akikata kona kushoto, ikirudi akinyoosha. Fundi wa kwanza, ambaye simtaji, alimwambia ni ubovu wa ndani ya dashibodi na akampa bei ya nyingine. Sikia dalili yenyewe lakini: dashibodi inajuaje kwamba unaenda kushoto? Inazunguka pamoja na usukani. Kinachokunjwa ukikata kona ni fungu la waya kwenye shingo ya usukani, pale linapopita kutoka fremu kwenda mbele. Tulisimamisha pikipiki, tukawasha swichi, tukazungusha usukani polepole mpaka taa zikazima, tukamshikia pale pale. Kisha tukabonyezabonyeza waya kwa vidole, mmoja mmoja. Waya wa ethi ulikuwa mzima kwa nje, plastiki haina hata mkwaruzo, ila ukiuvuta unarefuka kama mpira. Ndani nyuzi za shaba zilikuwa zimekatika zote na zilikuwa zinagusana kwa bahati usukani ukinyooka. Waya mzima hauvutiki. Huo ndio ushahidi. Gharama yote ilikuwa kipande cha waya na soda ya jamaa aliyetuazimia chombo cha kuunganishia kwa risasi.

Taa ya nyutro inastahili heshima kuliko nyingine, kwa sababu inahusu mguu wako. Ikiwaka ilhali gia imo, utawasha injini, utaachia klachi na pikipiki itaruka mbele, na mbele yako huenda kuna mwenzio. Muundo wake ni mwepesi na wa kinyume na unavyotegemea. Kwa kawaida globu inapewa chanya moja kwa moja kutoka swichi ya funguo, na kinachokatwa na kuunganishwa ni ethi. Chini kwenye injini, upande wa kushoto karibu na sproketi ndogo, kuna swichi ndogo ya waya mmoja. Ukiwa nyutro inaugusisha waya huo kwenye bodi ya injini, taa inawaka. Kwa hiyo taa isipowaka, washa swichi ya funguo, chomoa waya ule pale injini na uguse chuma kisafi cha injini. Taa ikiwaka, waya na globu ni vizima, mbovu ni swichi ndogo, ambayo mara nyingi imejaa tu tope na mafuta ya mnyororo. Isipowaka, panda juu: globu, kishikio, halafu waya. Na kama taa inawaka muda wote, chomoa waya ule ule. Ikizima, swichi ya injini imeganda. Ikiendelea kuwaka, waya umechubuka njiani na unagusa fremu. Jaribio hili ni salama kwa sababu globu yenyewe inauzuia mkondo. Usije ukafanya hivyo kwa waya mwingine usioujua.

Indiketa sasa. Flasha za kawaida zimetengenezwa kwa kutegemea mzigo fulani, kwa mfano globu mbili za wati 10 kila upande. Globu moja ikiungua mzigo unapungua, na flasha inapepesa kwa kasi isiyo ya kawaida au inawaka tu bila kuzima. Kwa hiyo upande mmoja ukiwa mbovu na mwingine mzima, usiguse flasha, maana ni ile ile inayohudumia pande zote. Angalia globu na ethi za upande mbovu. Pande zote mbili zikigoma ndipo flasha inaitwa.

Kichekesho kinakuja mtu akiweka indiketa za LED kwa ajili ya urembo. Anawasha kushoto, zinapepesa zote nne. Dashibodi nyingi za bei ndogo zina taa moja tu ya indiketa kwa pande zote, na taa hiyo haina ethi yake. Mguu mmoja umeungwa waya wa kushoto, mwingine waya wa kulia. Ukiwasha kushoto, mkondo mdogo unapita kwenye taa ya dashibodi, unaingia upande wa kulia na kuteremkia ethi kupitia globu za kulia. Globu za kawaida haziwaki kwa mkondo mdogo namna hiyo. LED zinawaka. Dawa ni kuitenganisha taa ya dashibodi kwa diodi mbili na kuipa ethi yake, na kuweka flasha ya LED. Au, kama unaniuliza mimi, rudisha globu za zamani.

Mshale wa mafuta unategemea boya lililo ndani ya tanki. Boya linapanda na kushuka, mkono wake unateleza juu ya kipande cha ukinzani, na mshale unasoma badiliko hilo. Toa kifaa hicho ukiwa nje penye hewa, injini imepoa, hakuna sigara wala swichi iliyowashwa. Pima omu huku ukiinua mkono wa boya taratibu. Namba zinatakiwa kupanda au kushuka kwa mtiririko. Zikiruka na kupotea sehemu moja, njia ya ukinzani imeliwa pale, na kwa kawaida ni pale katikati mafuta yanapokaa siku nyingi. Mwanachuo anayejaza ya elfu tatu tatu ataula upande wa chini.

Kama globu za dashibodi zinaungua moja baada ya nyingine, acha kununua globu. Washa injini, vuta mafuta kiasi, pima betri. Chaji nzuri hukaa kati ya volti 13.5 na 14.5 hivi. Ikipita 15 na kuendelea kupanda, rektifaya haizuii tena, na globu ndizo zinazotangulia kufa. Betri inafuata kwa kuchemka na kukausha maji. Angalia kwanza kama ethi ya rektifaya imekaza na haina rangi wala kutu chini yake, ndipo ununue.

Dashibodi za kidijitali zina sheria zake. Doa jeusi linalosambaa kama wino ni kioo kilichovunjika ndani, hakuna dawa ya waya. Ila namba zikipotea na kurudi, anza na chanya na ethi kama tulivyoona, kwa sababu kompyuta ndogo ya ndani haivumilii volti iliyoshuka hata pale globu inapovumilia. Ukungu wa maji ndani ya kioo mara nyingi ni zawadi ya mashine ya presha.

Haya yote yanakusaidia zaidi kabla hujanunua. Muuzaji akikwambia taa haziwaki "ila ni kitu kidogo," mwombe azungushe usukani swichi ikiwa imewashwa, abonyeze honi, aweke gia na kurudi nyutro. Tazama kama kebo ya spidi imeungwa, kwa sababu kebo ikichomolewa hesabu ya kilomita nayo inalala. Pikipiki inayoonyesha kilomita 9,000 huku raba za kukanyagia zimeisha na pedali ya breki imeng'aa kwa kusuguliwa, hiyo haikuzaliwa jana. Kisha chungulia chini ya kiti. Ukikuta waya za redio, taa za disko na chaja ya simu zimeungwa zote kwenye waya mmoja mweusi, umeshajua dashibodi inagawana chakula na nani. Punguza bei hapo hapo, usisubiri mpaka ufike nyumbani.

Ukishapata ubovu, unganisha kiume. Kusokota waya na kuuzungushia nailoni iliyoyeyushwa kwa kiberiti kunadumu mpaka mvua ya kwanza. Kwangua shaba mpaka ing'ae, sokota, weka risasi, funika kwa mpira wa kubana au teipu nzuri. Soketi yenye kutu ya kijani isafishe kwa msasa laini na uipake grisi kidogo kabla ya kuirudisha. Kwenye shingo ya usukani usiukaze waya. Uachie ulegevu, kisha zungusha usukani hadi mwisho wa kushoto na mwisho wa kulia uangalie kama kuna unaovutika. Usipovutika, ndipo ufunge skrubu za dashibodi.